Printa ya 3D na kazi ya mikono: vinaweza kukaa kwenye pambo moja?

"Ninasuka ushanga na kukunja waya wa shaba nyekundu, kazi niliyofundishwa na bibi yangu. Hivi karibuni nimepata nafasi kwenye karakana ya pamoja yenye printa ya 3D na mashine ya kukata kwa leza. Nilichapa hereni zenye umbo la kidani cha zamani nilichokipiga picha kwenye jumba la makumbusho, nikatumia ile plastiki inayosemekana huoza yenyewe. Jozi mbili zimevunjika pale kwenye kitundu, moja imepinda ilipoachwa ndani ya gari, na mteja wangu mmoja anasema masikio yanamuwasha. Nilipomwonyesha bibi alizigeuzageuza, kisha akasema, 'Hizi hazina mkono.' Nimeumia, kwa sababu nilitaka kuiendeleza kazi yake, tena bila kuchafua mazingira. Je, niachane na mashine nirudi kwenye koleo na uzi tu?"

Usiachane nazo. Ila umezipa mashine kazi isiyo yao, na ile ambayo zingeifanya vizuri kuliko mtu yeyote hukuzipa. Ndani ya swali lako naona mambo manne yaliyofungwa fundo moja: kuvunjika, kuwashwa, mazingira, na neno la bibi. Nianze na yale yenye sababu za wazi, kisha tufike kwa bibi, maana nahisi huko ndiko kunakouma zaidi.

Printa unayotumia hujenga kitu kwa matabaka, kila moja likiwa na unene wa karibu milimita 0.2. Ndani ya tabaka moja plastiki ni uzi mzima usiokatika. Kati ya tabaka na tabaka hakuna uzi, ni plastiki ya moto tu iliyolalia ile iliyokwisha kupoa ikashikana nayo. Ukichapa hereni ikiwa imesimama, ukingo mwembamba wa kitundu unakuwa umebeba uzito wote kwenye maungio hayo dhaifu, na kila mvaaji anapogeuza kichwa yanavutwa. Chapa hereni hiyohiyo ikiwa imelala, uone tofauti: sasa nyuzi zinakizunguka kitundu. Ongeza pia idadi ya kuta za nje. Wengi hukimbilia kujaza plastiki katikati, na kwa kitundu hiyo haisaidii sana. Lakini ushauri wangu hasa ni kwamba plastiki isibebe kulabu kabisa. Pitisha kipete cha shaba, au pachika kijibomba chembamba cha madini ndani ya kitundu, uzito ushikwe na madini. Mikono yako inajua kukunja waya. Hapo ndipo ilipohitajika.

Kupinda garini ni jambo jingine, na linatuingiza kwenye dhana potofu ambayo wauzaji wa plastiki hii hawajajisumbua sana kuisahihisha. Plastiki hiyo huitwa PLA. Hutengenezwa kwa sukari ya mimea, hasa mahindi na miwa, na hapo sifa yake ni ya kweli: malighafi yake si mafuta ya petroli. Kuoza ndiko kwenye utata. PLA huoza vizuri kwenye mitambo maalumu ya mboji inayoshikilia joto la karibu nyuzi 60 za Selsiasi kwa wiki kadhaa, kukiwa na unyevu na vijidudu vya kutosha. Ukiifukia bustanini, au ikifika baharini, itakaa miaka mingi kama plastiki nyingine yoyote. Na karibu na nyuzi hizohizo 60 ndipo PLA inapolainika. Mambo hayo mawili yana uhusiano: minyororo ya molekuli zake ikilegea kwa joto, maji hupenya na kuikatakata vipande vifupi ambavyo vijidudu vinaweza kuvila. Kwa hiyo kile kinachoiwezesha kuoza ndicho kilichoipinda hereni yako nyuma ya kioo cha gari kwenye jua. Kuifanya iwe nene zaidi hakutabadilisha hilo.

Basi ukiuza hereni za PLA, tafadhali usiandike kwamba zinaoza. Andika kwamba zimetokana na mimea, zisiachwe kwenye joto kali. Mteja akijua hivyo atazitunza, nawe hutakuwa umemdanganya.

Uendelevu wa pambo mimi naupima kwa mambo mawili: linaweza kurekebishwa, na likichoka kabisa, kilichomo ndani kinaweza kutumika tena. Fedha na shaba huyeyushwa na kufuliwa upya mara nyingi bila kupoteza ubora, kwa hiyo mabaki ya waya kwenye meza yako ni mali, yakusanye. Kwa wanaotumia dhahabu jambo hili ni zito zaidi, kwa sababu uchimbaji mdogo wa dhahabu ndio shughuli ya binadamu inayomwaga zebaki nyingi kuliko nyingine zote duniani; dhahabu iliyoyeyushwa upya inaepusha sehemu ya madhara hayo. Plastiki iliyochapwa ikivunjika, kwa kawaida haina pa kwenda ila kwenye taka. Haimaanishi tuikatae. Ina sifa moja kubwa ambayo madini hayana, nayo ni wepesi. Sentimita moja ya ujazo ya fedha ina gramu 10.5, ya PLA ina 1.24. Ukitaka kidani kipana cha kuvaliwa siku nzima shingoni, kiini cha plastiki kilichofunikwa chote kwa uzi na ushanga ni chaguo la busara, maadamu uzi ndio unaobeba uzito na kiini kinashika umbo tu. Siku kikivunjika, ushanga unafumuliwa na kusukwa upya.

Sasa masikio ya mteja wako. Hukusema kulabu ulizipata wapi, na mimi ningeanzia hapo kabla ya kuilaumu plastiki. Kulabu nyingi za bei nafuu zina nikeli, na nikeli ni miongoni mwa visababishi vikubwa vya mzio wa ngozi. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo: kitu kinachogusa ngozi kwa muda mrefu kisiachie zaidi ya mikrogramu 0.5 za nikeli kwa kila sentimita ya mraba kwa wiki, na kile kinachopita kwenye tundu la sikio kisizidi 0.2. Muuzaji asiyeweza kukuambia kulabu zake zimetengenezwa kwa nini, mwache. Titani na fedha isiyo na nikeli ni salama kwa watu wengi. Shaba nyekundu huacha rangi ya kijani kwenye ngozi. Rangi hiyo kwa kawaida si mzio, ni chumvi za shaba zinazotokana na jasho, nayo huoshwa ikatoka, lakini usiipitishe kwenye tundu la sikio.

Kama karakana yenu ina pia printa ya rezini, ile inayogandisha kimiminika kwa mwanga, hapo uwe na tahadhari kubwa zaidi. Rezini ambayo haijakauka barabara ina kemikali zinazoufundisha mwili mzio, na mwili ukishaupata mzio huo, mara nyingi unabaki nao maisha. Vaa glavu za nitrili, fungua madirisha, kausha kipande kwa mwanga hadi ndani, na maji au spiriti ya kuoshea usiyamwage kwenye sinki. Kuhusu mteja wako: aache kuvaa hereni hizo leo. Akiona upele unaotoa maji, uvimbe, usaha au homa, amwone daktari, wala usijaribu kumtibu wewe kwa mafuta.

Tufike kwa bibi. Kuna kisa kimoja katika historia ya vito ambacho kila anayetaka kuchanganya mashine na urithi anapaswa kukijua.

Waetruski, watu waliokaa Italia kabla ya Roma kuitawala, walipamba dhahabu kwa chembe ndogo mno za mviringo, nyingine hazifiki hata robo ya milimita, wakazipanga kwa mamia juu ya bamba bila lehemu kuonekana popote. Ufundi huo ulifika kileleni katika karne ya 7 na ya 6 kabla ya Kristo, na baadaye ukapotea Ulaya. Vito vyenyewe havikupotea. Vilifukuliwa makaburini, vikawekwa kwenye makabati ya vioo, watu wakavipima na kuvichora. Akina Castellani, masonara mashuhuri wa Roma katika karne ya 19, walitumia jitihada kubwa kuviiga na bado hawakuufikia ule wembamba. Ni katika miaka ya 1930 ndipo Mwingereza H. A. P. Littledale alipoonyesha njia inayofanya kazi. Chembe hubandikwa kwa gundi ya kawaida iliyochanganywa na chumvi ya shaba. Kwenye moto gundi huungua ikawa kaboni, kaboni ikainyang'anya shaba oksijeni yake, na shaba hiyo ikaingia kwenye dhahabu pale tu chembe inapogusa bamba. Pale, na pale peke yake, dhahabu huyeyuka mapema kidogo kuliko sehemu nyingine, chembe ikashika.

Umbo lilikuwepo muda wote huo mbele ya macho ya watu. Kilichokosekana ni maarifa ya mtu aliyesimama mbele ya moto. Skana ya leo ingehifadhi kila mkunjo wa vito vile, ila jinsi ya kuushika moto isingehifadhi hata chembe. Na nadhani hilo ndilo bibi yako aliloliona. Ulichukua umbo la kidani ukaliacha tendo lililokizaa. Anaposuka, yeye hukataa ushanga uliopinda, hukaza uzi pale unapolegea, huongeza kimoja pale mstari unapokataa kukaa. Kila hatua anaamua upya kwa kuangalia kilicho mkononi. Kwenye hereni zako maamuzi yote yaliisha kwenye faili, kabla hata plastiki haijapata moto.

Kwa hiyo hii ndiyo njia ninayokupendekezea, nami naiamini kwa moyo wote: kabla ya kuchapa pambo jingine, chapa vifaa vya kutengenezea mapambo.

Chukua mfano wa waya. Kama hereni zako zina mizunguko inayopaswa kulingana kushoto na kulia, chapa ubao mdogo wenye matundu kwenye kila kona ya mchoro, upachike humo misumari ya chuma isiyo na vichwa, kisha kunja waya kuizunguka. Umbo linatoka sawa kila mara, lakini mkazo wa waya, mahali pa kuanzia na namna ya kuumalizia vinabaki kwako. Au chukua bamba la shaba la milimita 0.3 hadi 0.5, lilainishe kwa moto, na likishapoa liweke kati ya vipande viwili vya plastiki ulivyovichapa, kimoja kikiwa na shimo na kingine mwinuko wa umbo hilohilo, ubane taratibu kwenye jiliwa. Utapata kikombe au jani lenye mwinuko safi, ambalo kwa nyundo tupu lingekuchukua muda mrefu. Nakshi juu yake ichonge mwenyewe. Plastiki inabaki karakanani, kipande kimoja kinafanya kazi mara nyingi, na kikipasuka kinapasuka mezani kwako, si sikioni mwa mteja. Na bibi mwenyewe, kama vidole vimeanza kumsumbua, mchapie mpini mnene wa kuvalisha kwenye koleo au sindano yake, uliopimwa kwa kiganja chake. Sijaona matumizi ya printa yanayonifurahisha kuliko hayo.

Leza nayo ina nafasi, hasa kutoboa safu za matundu kwenye ngozi au ubao mwembamba ili ushanga ushonewe juu yake. Hapa wengi hukwama wasielewe kwa nini. Leza hula kati ya milimita 0.1 na 0.3 kila inapopita, matundu yake yamepangwa kwa usahihi usiobadilika, lakini shanga hazilingani. Ukizilazimisha shanga zenye unene tofauti kwenye nafasi zisizobadilika, kazi inajikunja au uzi unakatika. Panga shanga zako 20 kwenye sindano, pima urefu wote, gawa upate wastani, kisha ongeza nafasi kidogo kwenye mchoro. Kingo za matundu kwenye ubao zilainishe kwa msasa, na uzi upake nta, la sivyo utasagika polepole. Usiweke kamwe ngozi bandia ya PVC chini ya leza, kwa sababu hutoa gesi ya asidi inayounguza mapafu na kula mashine. Ngozi halisi iliyotengenezwa kwa kromu nayo iepuke, tumia iliyotengenezwa kwa magome ya miti. Na usishangae leza ndogo ya karakana ikishindwa na bamba la shaba: mwanga wake hurudishwa na madini hayo badala ya kuyakata.

Ukishazoea hayo, ipo njia ya pili, ambayo kwangu ndiyo tamu kuliko zote: kusubu. Unachapa umbo, unalichukulia kalibu ya silikoni, unamimina nta ndani yake, na nta hiyo unaichonga kwa mkono kabla haijafunikwa kwa plasta. Plasta hupashwa moto tanurini hadi nyuzi 700 na zaidi, nta ikatoweka, na fedha iliyoyeyuka ikajaza nafasi yake. Watu wamefanya hivi kwa maelfu ya miaka. Kilichoongezeka ni kwamba umbo la kwanza limetoka kwenye kompyuta. Usiruke hatua ya kuchonga nta. Mistari ya printa ikibaki kwenye nta itaingia kwenye fedha, na kuiondoa kwenye fedha ni kazi ngumu ya tupa na msasa, wakati kwenye nta ni kisu cha moto tu. Kumbuka pia kwamba madini husinyaa yakipoa, na kalibu nayo husinyaa kidogo, kwa hiyo hasa pete zichapwe kubwa kwa asilimia chache; kiasi kamili muulize atakayekusubia, kila karakana ina chake.

Kusubu usijifundishe peke yako kwa video. Plasta yenye unyevu ikikutana na fedha ya zaidi ya nyuzi 900 hulipuka kwa mvuke, na vumbi la plasta hiyo huharibu mapafu. Mtafute sonara au chuo cha ufundi, simama pembeni ya mtu anayejua, mpaka akuachie mwenyewe.

Limebaki jambo ambalo hukuliuliza: picha ya makumbusho. Kwa sheria za hakimiliki za kawaida, nakshi ya zamani isiyo na mtunzi anayejulikana mara nyingi haina mwenyewe. Baadhi ya nchi zimeona pengo hilo. Panama ilitunga sheria ya haki za pamoja za jamii za asili mwaka 2000, Ghana ikaziingiza sanaa za jadi kwenye sheria yake ya hakimiliki ya 2005, na Kenya ina sheria ya maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni ya 2016. Mkataba wa UNESCO wa 2003 kuhusu urithi usioshikika unazitaka nchi kulinda maarifa yanayoishi, ila hautoi umiliki kwa mtu. Ukitaka kuuza kwa wingi au nje ya nchi, muone mwanasheria anayeelewa mambo haya.

Hata pale sheria inaponyamaza, swali linabaki. Kidani kile kilivaliwa na nani, siku gani? Yapo mapambo ya msiba, ya cheo, ya jando na unyago, ya mke au mume tu, na wenye nayo wapo hai. Vitu vingi vya makumbusho pia viliondoka kwa wenyewe bila ridhaa yao. Kama kidani ni cha watu wa bibi yako, mwonyeshe picha kabla ya kuchora chochote, umsikilize. Kama ni cha watu wengine, watafute wanaokitengeneza leo, omba ruhusa, walipe, na uwataje kwenye kibandiko cha bidhaa. Kwenye kibandiko hichohicho andika kipi kimefanywa na mashine na kipi na mkono. Wateja wanaopenda kazi kama hii hawaogopi mashine, ila wakigundua walifichwa hawarudi.

Kwa hereni ulizokwisha kuuza, wapigie wateja uzirudishe. Badilisha kulabu zote, zile zilizochapwa zikiwa zimesimama zitoe kwenye mauzo, na mabaki ya plastiki yahifadhi kwenye ndoo moja hadi upate anayeisaga PLA kutengeneza nyuzi mpya. Usiichanganye na plastiki nyingine. Halafu chapa ubao wa kukunjia waya, mpelekee bibi na waya wa shaba, akuonyeshe mwenyewe misumari ikae wapi.